Hukumu Isomwe Hadi Mwisho

Mtu mzima akirudi chuoni baada ya misukosuko, watu humpokea kwa methali. Elimu haina mwisho. Kawia ufike. Na aliyezoea kufariji humwambia kwamba kwa yale aliyopitia, dunia imeshamfundisha kuliko profesa yeyote. Ni maneno ya upendo, na upendo sina ugomvi nao. Nina ugomvi na mawazo mawili yaliyojificha ndani yake: kwamba kuna saa ya kusoma ambayo imeshampita, na kwamba shida aliyoipata ilikuwa shule tosha.

Tuanze na saa. Tanzania, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu imekuwa ikitaka mwombaji asiwe amezidi umri wa miaka 35. Hesabu yake inaeleweka: kijana ana muda mrefu mbele yake wa kufanya kazi na kurejesha fedha. Lakini nchi hiyohiyo iliwahi kuamini kinyume. Azimio la Musoma la 1974 lilifunga njia ya kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu. Kijana alitakiwa kwanza afanye kazi angalau miaka miwili, kisha apendekezwe na kazini kwake na chama tawala. Waliolipitisha hawakutaka wasomi wasioyajua maisha ya nchi inayowasomesha. Utaratibu ule haukudumu, ila ulipokuwapo, mtu aliyetoka kazini ndiye aliyekuwa mwanafunzi hasa. Leo ndiye anayeulizwa alikuwa wapi siku zote. Umri wa kusoma, basi, hupangwa kwa nyaraka na bajeti, na nyaraka hubadilika. Mwenye mvi anayejikunyata darasani anauonea haya mwongozo wa mwaka huu.

Aristotle angemwambia zaidi ya hapo. Katika kitabu chake cha maadili anadai kwamba kijana hafai kulisikiliza somo la siasa, kwa kuwa hana uzoefu wa mambo yanayojadiliwa. Kwa kipimo hicho, waliowahi ndio waliofika kabla ya wakati. Lakini papo hapo anaongeza sharti linalomgusa pia mtu mzima: ujana wa tabia hauna nafuu kuliko ujana wa umri, na anayeongozwa na hisia zake hasomi akafaidika. Hapo ndipo wazo la pili, la shida kuwa shule, linapoanza kupwaya.

Mchukue mwanamke wa miaka 44. Aliacha masomo akaolewa, akaachika, akatoka mikono mitupu kwenye nyumba aliyoitunza miaka mingi. Sasa anasoma sheria jioni, baada ya kufunga genge lake la nyanya na vitunguu. Siku ya kwanza vijana wanamwona akiingia, wanajiweka sawa: “Shikamoo, mwalimu.” Anaitikia marahaba, kisha anapita kwenda kukaa nyuma. Muhula unasonga, wanafika kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya 1983. Mke aliyeachwa alidai sehemu ya mali, na swali likawa kama kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Mahakama ya Rufani ikasema ni mchango.

Kijana wa mbele anaandika jina la kesi, mwaka na kanuni, anapiga mstari chini yake. Maksi atapata. Kule nyuma kalamu imesimama. Mama amezikuta sufuria zake na beseni lake la kufulia ndani ya hukumu ya majaji. Mfariji wetu angesema: unaona, ameelewa kwa sababu ameyaishi.

Ameelewa nusu. Akitoka pale atawasimulia wenzake wa sokoni kwamba Bi Hawa alishinda, na Bi Hawa hakushinda. Mahakama ilikubali kanuni kisha ikaitupa rufaa yake, kwa kuwa mumewe alishampa fedha za mradi wa familia naye akazitapanya. Kanuni iliyowafaa wanawake wengine baada yake, yeye haikumpa kitu.

Uchungu ungependa hukumu iishie katikati. Hausemi uongo, humwambia mtu kwamba ameumizwa, na ni kweli ameumizwa. Kisha kila anachokisoma huugeuza ushahidi wa jambo hilohilo. Wapo waliopita njia ya mama huyu na wote walichovuna ni sentensi moja, kwamba wanaume ni walewale. Darasa humtaka jambo ambalo shida haiwezi kumtaka: aieleze hoja inayomchoma kwa haki, hadi mwenye hoja akiri kwamba ndiyo hasa aliyoisema. Kijana wa mbele hilo litamwia rahisi, maana halimgharimu. Lakini hajui kwa nini swali la sufuria lilistahili kufika mbele ya majaji. Mama anajua. Alichopewa na shida ni swali, na swali zito, jibu hakupewa.

Wala asiishukuru shida hiyo. Kwamba analitumia leo jeraha lake kufikiri hakulifanyi jeraha lile kuwa jema, wala karo aliyopaswa kulipa ili apate akili. Asingeachika, haki ya kuijua sheria ya ndoa yake angekuwa nayo vilevile.

Kwa hiyo tukikutana naye akitoka kipindini, pongezi na methali tuziweke kando kidogo. Tumwulize amesoma nini, na mahakama ilikuwa na sababu gani kumnyima Bi Hawa. Akijibu, tumbishie. Mwanafunzi hubishiwa, na yeye amerudi kuwa mwanafunzi.