Je, Utu Husubiri Kupona?

Neno kichaa katika Kiswahili lina maana mbili. Asemapo mtu "kichaa kimempanda", ametaja maradhi. Asemapo "kichaa amekuja", ametaja binadamu. Umbo ni lile lile la ki-, lililowaweka kipofu, kiziwi na kilema safu moja na kiti na kisu. Lakini kitenzi hakikubali mchanganyiko huo: maradhi hupewa ki-, mtu hupewa a-. Sarufi imehifadhi tofauti ambayo jamii aghalabu huisahau. Na katika tofauti hiyo mna swali zito la maadili. Mtu anapopandwa na kichaa, je, kazi yake, heshima yake na haki yake ya kusikilizwa vimsubiri mpaka apone? Au hivyo ni sehemu ya kile kitakachomponya?

Saikosisi ni hali ambayo mtu husikia sauti zisizosikiwa na wengine, au hushikilia imani isiyotikiswa na ushahidi wowote. Mara nyingi huanza ujanani, katika miaka ile ile ambayo mtu hujifunza kazi na kutafuta mwenza. Na afikiriwe kijana wa miaka 19 katika mwambao wa Ziwa Viktoria, anayevua dagaa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na asubuhi akashusha mzigo pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Anaanza kukosa usingizi hata katika siku za mbalamwezi, ambapo mitumbwi ya dagaa hupumzika. Anajitenga na wenzake. Kisha anasema kuna wanaomwita kutoka majini. Mwenye mtumbwi anamwondoa, na si haki kumlaumu kwa pupa, kwani ziwani kosa la mmoja huwazamisha wote. Lakini kijana huyo sasa amepoteza vitu viwili. Maradhi yamemnyang'anya usingizi wake, na watu wamemnyang'anya kazi yake. Cha kwanza ni juu ya tabibu kukirudisha. Cha pili ni juu ya nani?

Jamaa zake aghalabu wataanza kwa kuuliza, "Nani amemfanyia hivi?" Swali hilo lina huruma ndani yake: linakataa kuamini kwamba mtoto waliyemlea ameharibika mwenyewe. Mganga wa Usukumani, au kiongozi wa maombi, hulipokea, akawapa jamaa kitu ambacho hospitali yenye foleni ndefu haina nafasi ya kukitoa: kisa chenye mwanzo na mwisho, na shughuli ambayo ukoo mzima hushiriki. Lakini kisa kikishahitaji mtenda uovu, hapana budi apatikane mtu wa kukilipia. Usukumani vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi yakafanywa ushahidi. Hadithi inayomtoa kijana lawamani haiwi njema iwapo inamtia bibi wa jirani kaburini. Fauka ya hayo, miezi hupita, na kadiri saikosisi inavyokaa bila ya tiba ndivyo kupona kunavyozidi kuwa kugumu.

Juu ya kilima cha Bugando ipo hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo watu wa mikoa ya Kanda ya Ziwa huikimbilia. Huko kuna wahudumu wa maradhi ya akili, na kuna dawa. Dawa za namna hii zilianza kutumika duniani katika miaka ya 1950, na si jambo la kubezwa. Hupunguza sauti, hurudisha usingizi, na wengi zimewaepusha na kamba na minyororo. Lakini huweza kuleta pia kunenepa, mtetemeko na kukakamaa kwa viungo. Na kijana aliyetulia kwa dawa hurejea nyumbani hana kazi, hana rafiki, na ana jina jipya mtaani. Sauti za ndani zimepungua. Za nje zingalipo. Si ajabu kwamba wengi huziacha dawa hizo, kwani wanaona zimewarudisha mahali ambapo hakuna anayewangoja.

Hapo ndipo inapoingia tiba ya kisaikolojia na kijamii. Nchini Marekani mpango ulioitwa NAVIGATE ulijaribiwa kwa kulinganishwa na huduma ya kawaida, katika kliniki 34 za majimbo 21, kwa watu 404 wenye umri wa miaka 15 hadi 40 waliokuwa katika saikosisi yao ya kwanza. Walioingizwa katika mpango huo walipewa mambo manne kwa pamoja: dawa zilizopangwa kwa uangalifu, mazungumzo na mshauri, mafunzo kwa jamaa zao, na mtu wa kuwasaidia kurejea shuleni au kazini. Matokeo ya miaka miwili yalitangazwa mwaka 2015. Wale wa mpango walidumu zaidi katika tiba, hali ya maisha yao iliboreka zaidi, na walijihusisha zaidi na masomo na kazi. Na faida ilikuwa kubwa kwa wale waliowahiwa mapema. Uzito wa kimaadili umo katika lile jambo la nne. Msaidizi hakungoja sauti zinyamaze ndipo aulize, "Unapenda kufanya nini?" Swali hilo lilikuwa ndani ya tiba tangu mwanzo.

Msomaji ana haki ya kusema kwamba hayo ni ya nchi tajiri. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Tanzania watu zaidi ya milioni 61, na madaktari bingwa wa akili ni wachache mno kwa umati huo. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 2010, watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Marekani walijaribu Dar es Salaam na Mbeya mpango walioupa jina la KUPAA. Walioalikwa hawakuwa wagonjwa peke yao. Kila mmoja alikuja na jamaa yake, wakajifunza pamoja maradhi ni nini na nyumba iishi nayo vipi. Mwanza nako hakukosi cha kuanzia. Usukumani wapo waliozoea kulima kwa bugobogobo, jembe likipanda na kushuka kwa mdundo wa ngoma. Hapana anayedai kwamba ngoma huponya saikosisi. Lakini jamii inayojua kulima kwa mdundo inajua tayari kwamba mtu anaweza kubebwa na safu katika siku ambayo nguvu zake peke yake hazimtoshi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kumrudisha mgonjwa kazini na katika ukoo kunaweza kuwa mateso. Mwaka 1972 George Brown na wenzake, waliofanya utafiti London, walionyesha kwamba wagonjwa wa skizofrenia waliorejea katika nyumba zenye lawama na uadui, au zenye kuwashughulikia kupita kiasi, waliugua tena zaidi kuliko waliorejea katika nyumba tulivu. Hapa hata mapenzi yameingizwa katika orodha ya vitu vinavyoweza kudhuru: mama anayemchunga mwanawe kila hatua, anayemlia kila usiku, anayemsemea kila neno. Kinachotakiwa, basi, ni kipimo.

Na kipimo hicho kimewahi kuonekana karibu. Katika miaka ya 1990 Juli McGruder, msomi kutoka Marekani, aliishi na kufanya utafiti Unguja miongoni mwa familia zenye wagonjwa wa namna hii. Alikuta nyumba ambamo mgonjwa aliachiwa kadiri yake: siku ya nafuu akafanya kazi ndogo za nyumbani, siku ya uzito akaachwa apumzike, wala hakushangiliwa kwa lile, wala hakusutwa kwa hili. Visiwani pia kuna waliofungwa na waliofichwa, na hapana haja ya kujisifu. Lakini nyumba zile zilijua kwamba kumpa mtu ufagio bila ya kumsimamia ni namna ya kumwambia kuwa angali mmoja wa nyumba.

Utu una deni lake pia kwa ukweli. Kijana asemapo kwamba anaitwa kutoka majini, jamaa wafanye nini? Wakimkubalia, wamemdanganya. Wakimbishia, wamemfukuza, maana hapana hoja iliyowahi kuinyamazisha sauti ambayo mtu anaisikia kwa masikio yake. Iko njia ya tatu, ambayo wauguzi wengi huifundisha na kina mama wengi huijua pasi na kufundishwa: "Mwanangu, mimi siisikii sauti hiyo, ila naona imekutia hofu." Sentensi hiyo haina uwongo hata chembe. Inamwachia kijana ushahidi wake juu ya hofu yake, na inambakishia mtu mmoja wa kuzungumza naye.

Lakini ni nani anayetamka sentensi hiyo kila siku, mwaka wa kwanza na wa pili? Mara nyingi ni mwanamke mmoja, ambaye kila siku anayokaa nyumbani ni siku asiyouza samaki. Utu usiogawanywa humwelemea yeye, na akichoka, kamba huonekana kuwa faraja. Wanaowafunga watoto wao si lazima wawe makatili. Wengine wameachwa peke yao tu. Zipo pia saa za hatari, ambapo hapana budi mtu azuiwe na apelekwe hospitali hata akikataa. Kumzuia asijitoe roho hakumvunjii utu, madhali anayemzuia anakumbuka kumwambia anafanya nini na kwa nini, na anakusudia kumwachia. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaweza kusimamia namna ya kumpeleka mtu hospitalini. Haiwezi kumlazimisha jirani amsalimu akirudi.

Basi jawabu la swali ni kwamba utu hausubiri kupona. Si kwa sababu ya huruma tu, bali kwa sababu mtu hapati anachokipigania iwapo kila alichokuwa nacho kimegawiwa wengine akiwa angali mgonjwa. Dawa humpa kijana nafasi ya kurudi. Wenzake ndio wanaoamua kama pahali pake pangalipo. Hapana anayeitaka Kirumba imrudishe kesho mtumbwini usiku, na hilo lingekuwa kosa. Lakini ufukweni kuna nyavu zilizochanika na kuna dagaa wa kuanikwa juani, na kazi hizo zaweza kufanywa kwa saa moja leo na saa tatu wiki ijayo. Anaweza kuwekewa upande mmoja wa wavu na mzee asiyependa maneno mengi. Akichelewa, asiulizwe mbele za watu. Akifika, asalimiwe kwa jina lake, "Mwangaluka," kama anavyosalimiwa kila mtu asubuhi, kisha aoneshwe palipochanika.