Usikubali Kuambiwa "Tutaelewana"

Mwanangu,

Mama yako amenipigia simu kutoka Kigoma kunieleza kwamba unakuja Bujumbura kwa siku nne, wewe na mumeo na mama mkwe wako, na kwamba mnataka gari lenye shoferi wa kuwatembeza. Mtu nitakutafutia. Hapa Buyenzi hakuna kichochoro kisicho na garaji, na palipo na garaji shoferi hakosi. Kupata gari ni kazi nyepesi. Ninachokuandikia ni juu ya kukaa na mtu usiyemjua, kutwa nzima, ndani ya chumba kidogo chenye magurudumu manne, mkaachana jioni bila kinyongo. Nimeshika usukani miaka ishirini na mbili kabla macho hayajanikatalia, kwa hiyo sikuelezi niliyosikia kwa watu.

Huko kwenu Unguja mmezoea safari fupi. Mtu akitoka mjini kwenda Nungwi, hata shoferi akiwa mkorofi, ugomvi haupati muda wa kukomaa. Na kisiwani hata ukipotea, mwisho utatokea baharini. Huku kwenda Gitega ni kilomita kama 100 za kupanda na kushuka na kona, na kurudi ni zizo hizo. Neno lililokuudhi saa tatu asubuhi utalibeba mpaka magharibi.

Ukimuuliza shoferi wa hapa anataka kiasi gani, naye akiwa amelelewa vizuri, atainamisha kichwa akwambie, "Tutaelewana, dada." Mwanangu, usipande gari kwa neno hilo. Si kwamba mtu huyo ni mwongo. Mara nyingi ni mtu wa haya. Anaona kutaja pesa mbele ya mgeni, tena mbele ya mama mtu mzima, ni ukosefu wa adabu. Lakini kichwani mwake bei ipo, na kichwani mwako ipo nyingine, na kutwa nzima bei hizo mbili zitakaa kiti cha nyuma zikitazamana.

Mimi mwenyewe nililitumia neno hilo, na liliniadhibu. Nilimpata mgeni kutoka Muscat, mzee mpole, wazazi wake waliwahi kufanya biashara hapa mji ulipokuwa bado unaitwa Usumbura. Siku tatu nilimzungusha Mtaa wa Waasia akitafuta duka la babu yake, kila mlango anashuka, anagusa ukuta, anapanda tena. Siku ya kwanza aliniuliza bei mara mbili. Nikamjibu, "Mzee wangu, utanipa utakachojaliwa." Siku ya tatu alinipa bahasha, nikaipokea kwa mikono miwili. Alichojaliwa hakikufikia hata mafuta niliyochoma. Nikacheka, nikamwombea dua ya safari, kisha mwezi mzima nikakaa kijiweni nikimsengenya mtu aliyeniuliza mara mbili nikakataa kumjibu. Yule mzee hakukosa. Ningekuwa na adabu ya kweli ningemtajia bei.

Kwa hiyo wewe ndiye utakayeanza, na hutahesabiwa mkorofi. Sema, "Kaka, tuweke maneno sawa kabla hatujawasha gari, ili jioni tuagane vizuri." Utaona mabega yake yanashuka kwa kupumua. Muulize kama bei ni ya siku au ya safari. Na kama ni ya siku, siku hiyo inakwisha saa ngapi. Mkilala Gitega, yeye analala wapi na kwa pesa ya nani? Nimewahi kuona shoferi akilala garini kwenye baridi ya milimani, miguu juu ya dashibodi, na wageni wake asubuhi wanamshangaa kwa nini anapiga miayo.

Halafu pesa yenyewe. Mkisema dola, semeni ni dola za noti au faranga za hapa, na kama ni faranga, kwa kiwango kipi. Bei ya benki na bei ya mtaani zinapishana kwa mbali sana nchini kwetu, na mgeni anayelipa faranga kwa hesabu ya benki anaondoka akijiona mwaminifu, huku nyuma ameacha mtu anayejiona ameibiwa mchana. Noti ya dola iliyochanika au iliyochakaa usiilete kabisa. Na asiwepo komisiyoneri katikati, yule kijana atakayekufuata hotelini akikwambia ana gari. Hana gari, ana simu.

Sasa mafuta. Jambo hili nalitenga peke yake kwa sababu ndilo linalowagombanisha watu kuliko yote. Miaka kadhaa sasa petroli hapa imekuwa adimu. Magari hulala kwenye foleni ya kituo, na wenye magari hulala ndani yake. Mengi yanayotembea yanatembea kwa mafuta ya magendo, yaliyovushwa mpakani ndani ya bidoni, kwa bei ambayo nikikuandikia leo kesho itakuwa imebadilika. Mgeni asiyejua hali hiyo humwambia shoferi, "Mbona umenipandishia bei, wenzako mwaka juzi walichukua nusu?" Neno hilo linauma. Mtu huyo huenda hakulala kwa ajili ya tangi lako. Muulize tu kwa upole kama anayo ya kwenda na kurudi. Akisema atatafuta njiani, ahirisha safari, mkatembee ufukweni. Na akiwa na bidoni, likae nyuma kwenye buti, limefungwa vizuri, si miguuni mwa mama mkwe wako. Hapo usione haya, kataa waziwazi. Mwambie mumeo asahau sigara zake siku hiyo.

Saa zetu ziko nyuma ya zenu kwa saa moja. Wewe ukitoka Zanzibar kupitia Kigoma na saa yako ya mkononi hujaigusa, utampigia shoferi saa kumi na moja alfajiri ukidhani ni kumi na mbili, na yeye kwa heshima atakuja. Rekebisha saa mpakani. Tena jua kwamba Jumamosi asubuhi ni kazi za jamii nchi nzima, barabara hutulia mpaka kama saa nne na nusu. Usimlaumu mtu kwa kuchelewa siku hiyo. Ijumaa adhuhuri, shoferi wa Buyenzi kwa kawaida ni wa kuswali. Panga mwendo wenu uwe karibu na msikiti, nanyi mtafaidika.

Nije kwenye jambo la roho. Kwenu mnaendesha kushoto, sisi tunaendesha kulia. Lakini magari yetu mengi ni yaleyale yaliyotoka Japani kupitia Dar es Salaam, usukani uko kulia. Maana yake shoferi anakaa upande wa mtaro. Akiwa nyuma ya lori na anataka kulipita, haoni kinachokuja. Anayeona ni abiria wa mbele, aliyekaa kushoto. Ndiyo maana kiti cha mbele katika gari la hapa si kiti cha heshima, ni kiti cha kazi. Ukipanda barabara ya Bugarama ya kwenda Gitega, kutoka ziwani ambako ni mita 770 na kitu juu ya bahari mpaka juu zaidi ya 2,000, utaona malori yanakwenda mwendo wa kobe, na nyuma ya kila lori vijana wawili watatu juu ya baiskeli, mkono mmoja umeshika lori liwavute. Wengine wanashuka upande wa pili, wamefunga mikungu ya ndizi iliyowazidi wenyewe kwa upana, breki zao ni soli ya kandambili. Hapo shoferi atauliza bila kugeuza kichwa, "Anakuja mtu?" Na aliye kiti cha kushoto ajibu.

Asiyejua kukadiria asikae hapo. Kama ni mumeo, asilale, asitazame simu, na akiwa hana uhakika aseme "Ngoja." Asiseme "Nadhani." Niliwahi kumbeba bwana mmoja msomi aliyenijibu "Nadhani njia nyeupe," na sisi wawili tukaliona basi kwa wakati mmoja. Nilirudi nyuma ya lori, tukakaa kimya mpaka Muramvya. Hakuna aliyemlaumu mwenzake, lakini kwenye chai alimwaga kikombe. Tena msimharakishe mtu mlimani. Mnayetaka awakimbize ndiye huyohuyo mtakayemwomba awarudishe salama.

Kamera iwe na adabu. Daraja, askari, kizuizi cha barabarani, hayo hayapigwi picha, na matata yakitokea hayakuangukii wewe mwenye pasipoti, yanamwangukia mwenye gari. Muulize kwanza. Na wale wa baiskeli si wanyama wa mbugani.

Mtakwenda Mugere, kilomita kumi na kitu kusini mwa mji, kuliona jiwe la Livingstone na Stanley. Limechongwa majina yao na tarehe 25-XI-1871. Shoferi wako anaweza kukwambia, kwa sauti ya uhakika, kwamba hapa ndipo wazungu hao walipokutana mara ya kwanza. Nami nimewaambia hivyo wageni wengi kabla ya mwalimu mmoja kunirekebisha. Walikutana Ujiji, huko Kigoma kwa mama yako. Hapa walifika baadaye pamoja, wakizuru kaskazini mwa ziwa, wakaona kwamba mto Rusizi unaingia Tanganyika, hautoki. Walikuwa wanatafuta chanzo cha Nile. Na chanzo cha kusini kabisa kweli kiko Burundi, ila kiko mlimani Rutovu, ambako mwaka 1938 ilijengwa piramidi ndogo juu yake. Basi shoferi akikosea usimsahihishe mbele ya wote huku unamsomea simu. Mwache amalize, kisha uulize, "Na Ujiji je?" Mtu mwenye akili atacheka na kusema hajui vizuri. Huyo mchukue na kesho. Anayebisha, na anayewaahidi kwamba yule mamba mashuhuri aitwaye Gustave atatokea Rusizi saa kumi kamili, mlipe chake mwachane.

Ngoma za Gishora, jirani na Gitega, msiziache. Mwaka 2014 UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya urithi, lakini wenyewe walijua thamani yake tangu enzi za mfalme Mwezi Gisabo. Hapo pia maneno ya bei yawekwe sawa kabla mti wa kwanza haujagusa ngozi. Watu wenye ngoma kichwani hawawezi kushindana nawe hesabu. Na wewe, mwanangu, usiombe kupewa vijiti upige kwa ajili ya picha. Wanawake hawapigi ngoma hizi, na tangu 2017 jambo hilo limewekwa hata kwenye amri ya rais. Una maoni yako juu ya hilo, nami ninayo yangu. Tutayasema nyumbani kwangu, siyo pale.

Chakula. Lipo kosa ambalo watu wema hulifanya kila siku. Wanafika ufukweni, wanaagiza samaki wa mukeke wa kuchoma na ndizi, wanakaa saa nne wakitazama milima ya Kongo ng'ambo inavyobadilika rangi, na shoferi yuko kwenye maegesho, kiti amekilaza, mlango wazi, mguu nje. Hajui kama ameitwa au hakuitwa. Hawezi kuondoka kwenda kula kwa sababu hajui mtatoka saa ngapi. Mkifika mahali, mwambieni mambo mawili: tunakaa hapa mpaka saa fulani, na chakula chako ni hiki. Kumkaribisha mezani ni vizuri, ila msimlazimishe. Wapo wanaopenda kula peke yao wapumzike na maswali yenu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mgeni aliyenipa pesa ya michopo, yaani nyama ya kuchoma, na saa nzima ya kuwa peke yangu nilimpenda kuliko aliyenikalisha kati ya watoto wake akaniuliza vita vilikuwaje. Hilo, mwanangu, usimuulize. Akitaka kusimulia, barabara ni ndefu, atasimulia mwenyewe.

Mkirudi kutoka Gitega, mkifika Bugarama, shoferi atapunguza mwendo bila kusema kitu. Soko liko hapohapo kando ya barabara, kabichi, karoti na viazi bei ya chini kuliko mjini, na kuna baridi. Anataka kununua vya nyumbani, ila anaona haya kuomba kwa kuwa gari siku hiyo ni lenu. Mwambie, "Kaka, simama, nasi tununue." Mpeni dakika kumi. Mama mkwe wako atabishana bei na wale akina mama kwa Kiswahili cha Unguja na wao kwa Kirundi, na wataelewana vizuri kabisa.

Pesa yake mpe mlikofikia, gari likiwa limezimwa, mkononi, ihesabiwe mbele yake. Kama unamwongeza, sema hii ni bei yetu na hii ni ya watoto, ili asidhani umekosea hesabu. Kisha fungua buti wewe mwenyewe, mtoe mizigo yenu kwanza, kwa sababu viazi vyake viko chini kabisa na hatavigusa mpaka begi la mwisho la mama mkwe wako lishuke.

Mjomba wako,
Buyenzi