Daraja la Kupanda, Daraja la Kuvuka

Lugha yetu imelitwika neno daraja mizigo miwili. Daraja ni cheo, na daraja ni kivuko. La kwanza humwinua mtu peke yake; la pili hulala ili wengine wapite. Nalikumbuka neno hili kila niwafikiriapo Wafrimasoni, watu ambao huku kwetu hutajwa kwa kunong'onezana, ilhali swali kubwa walilotuachia halina siri yoyote.

Chama chao kilijivika vazi la waashi wa mawe. Ngazi zake za asili ni tatu: mwanagenzi, fundi mwenza na fundi bingwa. Hizo zaeleweka, maana hakuna ajengaye kabla ya kujua kuchonga jiwe. Lakini katika karne ya 18, hasa Ufaransa, ngazi zilizidishwa. Mwaka 1801, mjini Charleston, Marekani, likaundwa Baraza Kuu la mfumo uitwao wa Kiskoti, wenye madaraja 33. La mwisho mtu hatunukiwi kwa kuliomba. Waingereza nao, walipoyaunganisha mabaraza yao makuu mawili mwaka 1813, walitangaza kuwa madaraja ni matatu tu, kisha papo hapo wakalihesabu ndani yake na lile la Tao la Kifalme. Hata aliyeazimia kuikata kiu ya vyeo alijibakishia tone.

Wengi wao husema hakuna daraja lipitalo la fundi bingwa. Yaliyobaki ni mafunzo ya ziada. Ikiwa ndivyo, ya nini kupanda? Hujibiwa kuwa binadamu hujifunza kwa hatua, na sherehe humkumbusha ahadi yake. Silikatai jibu hilo. Mimi nisiye na shahada hata moja nilipata kurudishiwa tafsiri bila kusomwa, kwa kuwa jina langu halikutanguliwa na cheo. Niliumia. Lakini lililoniuma zaidi ni kugundua kwamba usiku ule nilitamani cheo kuliko msomaji. Nami kazi yangu, kama ina maana, ni kuwavusha wengine.

Liko kundi lao liitwalo Shriners, lililoanzishwa New York mwaka 1872. Hadi mwaka 2000 hakuingia humo ila aliyepanda hadi daraja la 32 la Kiskoti, au aliyefika kwa Mashujaa wa Hekalu katika mfumo wa York. Ndipo mlango ukafunguliwa kwa fundi bingwa wa kawaida. Tusiwapambe: wanachama walikuwa wakipungua. Hata hivyo, kundi hilohilo lilifungua hospitali yake ya kwanza ya watoto mjini Shreveport mwaka 1922, polio ilipokuwa ikiwalemaza wengi.

Mtoto aliyepooza mguu hakumuuliza mfadhili wake yuko daraja la ngapi. Alitaka kuvuka. Basi tupewapo cheo, kiwe cha chama, cha chuo au cha ushairi, yafaa tujiulize: ni nani aliyepita juu yangu akafika ng'ambo?