Deni la Undugu na Kiti cha Karani

Ofisi kubwa yaweza kumficha mvivu. Ofisi ndogo haiwezi. Penye watu watatu, karani ndiye anayepokea simu, anayechapa barua, anayetunza majalada na kuandika hati za malipo. Mteja akiingia, uso wa kwanza kuuona ni wake. Kwa hiyo swali la nani aajiriwe si dogo kama mshahara wake ulivyo.

Nafasi ikipatikana, jamaa hufika kabla ya barua za maombi. Shangazi atasema: "Mwanangu, mdogo wako amemaliza kidato cha nne, yupo tu nyumbani." Wala shangazi hakosei. Huenda ndiye aliyeuza mbuzi ili mwenye ofisi asome. Wahenga walisema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.

Lakini tujiulize, deni hilo ni la nani? Ni la mwenye ofisi, si la ofisi. Utasema: ofisi ni yangu, na hasara ni yangu. Sivyo. Jalada litakalopotea ni la mteja. Kazi itakayolala itamwangukia mwenzake. Na yupo binti asiye na shangazi mjini, aliyesomea uhazili Tabora kwa fedha za kukopa, akaleta vyeti vyake katika bahasha ya kaki. Huyo hatajua kamwe kwamba alifanyiwa usaili wa bure.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kubagua kwa kabila, jinsia, ndoa au ujauzito. Ni sheria njema, ila haiketi sebuleni shangazi anapozungumza.

Je, ndugu anyimwe kwa kuwa ni ndugu? Hiyo nayo ni dhuluma. Apewe mtihani ule ule: barua moja ya kuchapa, majalada ya kupanga, mteja mwenye hasira wa kutuliza; na asahihishe mtu asiye wa ukoo. Akishinda, aketi bila aibu. Akishindwa, mwenye ofisi atoe mfukoni mwake ada ya chuo, amsomeshe. Hapo deni litakuwa limelipwa kweli.

Njia hii ni nzito, ndiyo maana wengi huona afadhali kutoa ajira. Anayetoa kilicho chake ni mkarimu. Anayetoa haki ya mwingine, tumwiteje?