Mwana-Mbuzi na Maziwa ya Mama Yake

Katika Torati mna amri moja ambayo msomaji huipita upesi, ama huishangaa: kwamba mwana-mbuzi asipikwe katika maziwa ya mama yake. Imeandikwa mara tatu, katika Kutoka 23:19 na 34:26, tena katika Kumbukumbu la Torati 14:21, wala hapana hata mahali pamoja palipotajwa sababu yake.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa twaweza kudhani tumekwisha kuielewa kabla ya kuuliza. Wazee wetu walikuwa na miko mingi ya maziwa. Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, alikuta wafugaji hawakubali kuwauzia maziwa watu wenye kula kuku na maharage, wasije wakaleta madhara kwa ng'ombe. Na ukivuka mto Kagera pale Murongo wafika upande wa Ankole, ambako Roscoe aliandika habari za Wahima, ya kuwa hawakuchemsha maziwa ya chakula kwa kuogopa kundi lisidhurike. Mskoti Frazer alikusanya habari kama hizo katika kitabu chake cha mwaka 1918, akasema kwamba Waebrania nao walikuwa na hofu hiyo hiyo: maziwa yakiunguzwa, mbuzi aliyekamuliwa ataumia. Hivyo desturi za nchi zetu zilitumika kumfasiri Musa!

Je, tukubali? Inapendeza, lakini tuangalie sana. Mwiko wa Wahima ulihusu maziwa yote yaliyochemshwa. Torati haikatazi kuchemsha maziwa; yataja mwana na mama yake tu. Mifano hii inafanana kwa sura, na kufanana kwa sura si undugu.

Wengine walitafuta mbali zaidi. Mwaka 1929 katika Shamu, mahali paitwapo Ras Shamra, yalianza kufukuliwa mabamba ya udongo ya mji wa kale wa Ugarit. Mwaka 1933 Mfaransa Virolleaud alitoa andiko moja ambalo wataalamu walilisoma kama agizo la kupika mwana-mbuzi katika maziwa, wakafurahi kwamba sasa yajulikana: Musa alikataza ibada ya Wakanaani. Maelezo hayo yakaingia katika vitabu vingi vya mafundisho. Lakini bamba limevunjika pale pale penye neno linalotakiwa, mama hatajwi kabisa, na neno lililodhaniwa kuwa mwana-mbuzi wengine hulisoma giligilani, kiungo cha mchuzi. Mwalimu aliyekwisha kuhubiri jambo hilo kama hakika atasema nini?

Hapa ndipo tunapoona neno zito. Kutia sababu pale Maandiko yaliponyamaza, kisha kuwaambia watu, “Ndivyo Mungu alivyokusudia,” si jambo dogo, hata kama sababu yenyewe ni ya elimu. Mtoto wa kipaimara hawezi kupambanua lililoandikwa na lililobuniwa na mwalimu wake.

Basi tusome yaliyo karibu. Mambo ya Walawi 22:27-28 yaagiza mnyama akae na mama yake siku saba, wala mama na mwana wasichinjwe siku moja. Kumbukumbu 22:6-7 yakataza kumtwaa ndege pamoja na makinda yake. Filo wa Aleksandria, Myahudi aliyeishi zama za Mitume, alisema kuwa ni ukatili kutumia kilichotolewa kumlisha mwana kiwe mchuzi wa nyama yake. Kwa maoni yetu huyu amekaribia kuliko Frazer, maana anaifasiri Torati kwa Torati. Hata yeye lakini anakisia.

Wayahudi wenye kushika sheria hawali nyama pamoja na maziwa hata leo, na vyungu vyao hutengwa. Sisi hatufungwi na hayo, kama Paulo asemavyo katika Wakolosai 2:16. Naye Abrahamu, miaka mingi kabla ya Sinai, aliwaandalia wageni wake siagi na maziwa pamoja na ndama aliyepikwa, akasimama karibu nao chini ya mti walipokuwa wakila.