Askari Mzee na Ahadi ya Miaka 45

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Juma Hili: Hesabu 13:25–14:24, Yoshua 14:6–15, 1 Samweli 30:9–25, Esta 6:1–3, Luka 18:1–8, Yakobo 2:14–17, Waebrania 11:39, 40.

Fungu la Kukariri: Yakobo 5:4. (Kila mshiriki alikariri kutoka katika Biblia yake mwenyewe.)

Katika kanisa ninaloabudu yuko mzee ambaye kila Sabato hukaa benchi la pili kutoka mlangoni, kwa sababu goti lake la kushoto halikunji vizuri. Alikuwa askari. Alikwenda vita vya Kagera vya 1978 na 1979, akarudi salama, akaendelea kutumika jeshini mpaka alipotoka akiwa mtu mzima.

Kwa miaka mingi mzee huyu alikuwa na bahasha moja ya kaki, ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Ndani yake mlikuwa na cheti chake cha kumaliza utumishi, picha mbili, na nakala za barua alizoandika kudai pensheni yake. Jeshini aliandikishwa kwa jina alilopewa nyumbani. Baadaye alipobatizwa akachukua jina la Biblia, na kitambulisho chake kikatoka kwa jina hilo. Kwa hiyo kila alipofika dirishani aliambiwa kwamba mtu wa kwenye faili na mtu aliyesimama pale ni watu wawili.

Juma hili tutajifunza habari za watu waliotumika na kusubiri malipo yao. Je, Mungu anajali mambo ya mafao na mafaili? Na kanisa lina sehemu gani katika jambo hilo?

JUMAPILI: Mzee wa Miaka 85 Aleta Dai Lake

Soma Yoshua 14:6–15. Kalebu anaeleza mambo gani ili kuthibitisha haki yake?

Mara nyingi tunamhubiri Kalebu kama shujaa anayetaka kupigana na majitu. Hilo ni kweli, lakini tusome tena polepole. Kalebu ni askari mzee aliyekuja kudai alichoahidiwa. Tazama jinsi anavyolipanga dai lake. Anataja mahali: Kadesh-barnea. Anataja umri wake wakati ule, miaka 40, na umri wake sasa, miaka 85. Anataja kazi aliyotumwa na jinsi alivyoifanya. Anamtaja aliyeahidi, yaani Musa, kwa neno la Bwana. Tena anamkumbusha Yoshua kwamba yeye mwenyewe alikuwapo na anajua. Mahali, tarehe, kazi, ahadi na shahidi: karani yeyote angepokea maelezo kama hayo.

Angalia pia kwa nini alingoja miaka 45. Yeye hakukosa. Wapelelezi kumi ndio waliovunja moyo wa watu (Hesabu 13:31–33), na Kalebu akalazimika kuzunguka jangwani pamoja nao kwa sababu ya kutoamini kwao. Wako wazee wengi waliocheleweshwa kwa kosa la mtu mwingine: aliyeandika jina vibaya, aliyepoteza karatasi, aliyeacha faili chini ya meza.

Kalebu hakuona haya kuomba haki yake, na Yoshua hakumwambia kwamba mtu wa imani hadai. Yoshua alimbariki, akampa Hebroni.

Je, umewahi kufikiri kwamba kudai haki yako ni kukosa imani? Kisa cha Kalebu kinasahihishaje wazo hilo?

JUMATATU: Waliokaa Penye Mizigo

Soma 1 Samweli 30:9–25. Daudi aliweka amri gani, na kwa nini wengine waliipinga?

Watu 600 walitoka na Daudi kuwafuata Waamaleki walioteketeza Siklagi. Walipofika kijito cha Besori, 200 walikuwa wamechoka mno, wakabaki pale na mizigo. Baada ya ushindi, baadhi ya wale waliopigana walisema wenzao wasipewe nyara. Daudi alikataa. Alisema fungu la aliyekaa na vyombo litakuwa sawa na la aliyeshuka vitani, akaifanya kuwa sheria katika Israeli.

Historia ya Afrika Mashariki ingekuwa tofauti kama watawala wangeishika amri hiyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia 1914 hadi 1918, Waafrika wengi sana walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi hao. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Katika Vita Kuu ya Pili vijana wetu walipelekwa mpaka Burma chini ya jeshi la Mwingereza. Vita vilipokwisha, malipo ya kuagwa yalitofautiana kwa rangi ya ngozi, na askari Mwafrika alipata kidogo kuliko Mzungu wa cheo kilekile.

Kwa Daudi, ushindi ulitoka kwa Bwana (fungu la 23), kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haki ya kumpunja mwenzake. Mtu akidhani kwamba mali imetoka katika nguvu zake, hapo ndipo dhuluma huanza.

Katika kanisa lako ni nani “wanaokaa penye mizigo”? Je, wanapata heshima iliyo sawa na wanaosimama mimbarani?

JUMANNE: Ufagio wa Mwanza

Soma Esta 6:1–3 na Malaki 3:16. Mambo haya mawili yanafananaje?

Kuna kisa kinachosimuliwa katika historia ya nchi yetu. Mwaka 1964, karibu miaka 50 tangu vita vya kwanza kuanza, Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari Waafrika waliokuwa bado hai, wale waliotumika chini ya Lettow-Vorbeck. Ofisi ya malipo ilifunguliwa Mwanza. Walifika wazee wapatao 350. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare za zamani. Wengine hawakuwa na kitu chochote.

Mlipaji angewatambuaje? Inasimuliwa kwamba kila mzee alipewa ufagio badala ya bunduki, akaamriwa kwa Kijerumani kufanya gwaride: bega silaha, shusha silaha. Wakati karatasi zilikuwa zimeliwa na mchwa, mikono ilikuwa bado inakumbuka. Husemwa kwamba hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Ushahidi wa utumishi wa mtu unaweza kupotea ofisini na bado ukawa ndani yake. Mordekai aliokoa maisha ya mfalme, jambo likaandikwa kitabuni, kisha likasahauliwa. Usiku mmoja mfalme alikosa usingizi, kitabu kikasomwa, na deni likaonekana. Hakuna karani aliyelikumbuka. Mungu ndiye aliyemnyima mfalme usingizi.

Malaki anatuambia kwamba mbele za Bwana kiko kitabu cha ukumbusho. Kitabu hicho hakiliwi na mchwa, wala hakina jina lililoandikwa vibaya. Ndugu mpendwa aliyetumika bila kulipwa, liko daftari ambalo ndani yake wewe ni mtu mmoja tu, si wawili.

Ni utumishi gani wako unaofikiri umesahauliwa? Unapata faraja gani katika mafungu haya?

JUMATANO: Mjane Aliyekuwa na Miguu Tu

Soma Luka 18:1–8. Mjane huyu alikuwa na nini mkononi alipomwendea kadhi?

Mjane hakuwa na mume wa kumsemea, wala fedha, wala mtu anayefahamiana naye barazani. Alikuwa na miguu yake. Alikwenda, akarudi, akaenda tena. Kadhi hakumcha Mungu wala hakujali watu, lakini mwisho alichoka.

Mzee wetu alikuwa na wakati kama huo. Siku moja, baada ya kuambiwa kwa mara nyingine arudi mwezi ujao, mtu mmoja alimfuata ukumbini. Akamwambia kwa sauti ya chini, “Mzee, faili lako lipo. Linataka chai tu.” Akataja kiasi. Mzee aliniambia kwamba kiasi hicho alikuwa nacho mfukoni, kwa kuwa alikuwa ameuza mbuzi kwa ajili ya nauli na malazi. Alisimama pale muda mrefu. Kisha akasema, “Mwanangu, nilitumika kwa jasho langu. Siwezi kununua kitu ambacho ni changu.” Akarudi nyumbani bila kitu.

Tusipite haraka hapa. Kukataa kulimgharimu. Mwaka ule mke wake alikuwa anaugua, na dawa zinataka fedha. Torati inakataza rushwa kwa sababu hupofusha macho ya wenye hekima (Kumbukumbu la Torati 16:19). Lakini humwumiza kwanza maskini, maana anayeshindwa kutoa ndiye anayeachwa nyuma.

Yesu hakusema Mungu yuko kama kadhi yule. Alisema: ikiwa hata mtu dhalimu husikia mwishowe, si zaidi Baba yetu mwenye haki? Kisha akauliza kama atakapokuja ataona imani duniani. Imani anayoiulizia ni ile inayorudi dirishani tena kesho, ikiwa na mikono safi.

Ungemshauri nini mzee aliye katika hali hiyo, wakati mgonjwa yuko nyumbani? Jibu kwa uaminifu, si kwa haraka.

ALHAMISI: “Tutakuombea, Mzee”

Soma Yakobo 2:14–17. Kosa la msemaji katika fungu la 16 ni nini hasa?

Naandika sehemu hii kwa aibu. Kwa miaka kadhaa mzee huyu alisimama wakati wa maombi na kutaja haja yake. Mimi, niliyekuwa nasimamia mafundisho kanisani, nilimshika mkono nikamwambia, “Tutakuombea, Mzee.” Na kweli tuliomba. Lakini sikuwahi kumwuliza nauli anaipata wapi. Sikuwahi kuomba kuiona bahasha. Najua kusoma na kuandika barua za ofisi. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Sikujua hata kwamba shida yenyewe ni majina mawili.

Aliyejua ni binti mmoja wa darasa la vijana. Sabato moja, baada ya lesoni, alimsalimu, “Shikamoo, babu,” kisha akamwomba amwonyeshe karatasi zake. Alizisoma zote chini ya mwembe. Akasema, “Babu, hapa inatakiwa hati ya kiapo ya jina, na mashahidi wanaokufahamu tangu zamani.” Jambo hilo lingeweza kusemwa miaka mingi nyuma.

Darasa likajigawia kazi. Mmoja alikwenda naye kwa wakili kuandikisha kiapo. Wawili walimtafuta askari mwenzake wa zamani awe shahidi. Dorkasi walichanga nauli. Na kila alipokwenda ofisini, hakwenda tena peke yake. Karani husema kwa adabu zaidi anapomwona mzee ana watu nyuma yake.

Mithali 31:8, 9 inatuagiza kufumbua kinywa kwa ajili ya asiyeweza kujisemea. Kazi hiyo haihitaji karama kubwa. Inataka mtu atakayekaa chini na kusoma karatasi za mwenzake.

Ni mambo gani tunayoyaombea kila juma ambayo Mungu amekwisha kuweka majibu yake mikononi mwetu?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Faili lilipatikana katika safari ya nne. Lilikuwa masijala siku zote, chini ya jina lake la utotoni. Mzee alianza kulipwa, ingawa si kila alichodai kwa miaka ya nyuma. Mke wake hakuwahi kuiona siku hiyo. Alikuwa amelala mauti miezi saba kabla. Mzee alirudisha zaka, akanunua godoro. Kisha mwezi uliofuata akapanda basi tena kwenda ofisi ileile, akiongozana na mjane wa askari mwenzake ambaye naye alikuwa na bahasha yake. Alisema, “Njia naijua sasa.”

Kalebu naye, baada ya kupata mlima wake, alimpa binti yake Aksa shamba pamoja na chemchemi za maji (Yoshua 15:16–19). Aliyengoja muda mrefu anajua kiu ya anayengoja.

Lakini wako ambao hawakupata. Waebrania 11:39, 40 hawafichi: wapo walioshuhudiwa kwa imani yao na bado hawakuipokea ahadi. Wapagazi wa 1914 wamelala makaburini bila alama. Kaboya, mkoani Kagera, wamelala vijana ambao hawakufikia umri wa kustaafu. Hao tutawaambia nini? Tutawaambia asubuhi ya ufufuo, pamoja na mke wa mzee wetu, maana Yule ajaye anakuja na ujira wake mkononi (Ufunuo 22:12). Tumaini hilo halitupi ruhusa ya kukaa. Bwana anayesikia kilio cha mshahara uliozuiwa (Yakobo 5:4) atatuuliza kama sisi tulikisikia.

Maswali ya Kujadili:

1. Yakobo 5:4 ina neno kwa serikali na matajiri. Je, ina neno pia kwetu tunaoajiri walinzi, wapishi na vibarua? Kuna mtu unayemdai subira wakati yeye anakudai mshahara?

2. Linganisha subira ya Kalebu na ya mjane wa Luka 18. Zinafanana wapi, na zinatofautiana wapi?

3. Darasa lenu lihesabu wazee na wajane walio na madai ofisini: pensheni, mirathi, au ardhi. Nani atakwenda kuzisoma karatasi zao juma hili? Andikeni majina kabla ya kufunga darasa.

4. Mtu akifa kabla ya kupata haki yake, je, maombi yake yalikuwa bure? Jibuni kwa Maandiko.