Mawe Mawili Mfukoni

Andiko: Kumbukumbu la Torati 25:13-16

Wiki hii sina mfano wa mtu mwingine. Mfano ni mimi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi niliingia supamaketi moja hapa Wote, ile saa ya jioni watu wameshapokea mshahara. Kaunta ni nyingi, lakini zilizofunguliwa ni mbili tu. Nilisimama kwenye foleni karibu nusu saa na mafuta ya kupikia ya ofa. Kwenye rafu bei iliandikwa 699. Mashine ikasoma 829.

Nikamwambia keshia bei si hiyo. Akajibu, "Pasta, mimi nafuata mashine." Anayeruhusiwa kurekebisha ni supavaiza, na supavaiza haonekani. Nyuma yangu watu wananung'unika, mtoto analia. Nikapandisha sauti. Nikasema "huu ni wizi" nikimkazia macho yule dada, kana kwamba ni yeye aliyebandika bei. Mwishowe supavaiza akaja, 130 yangu ikapunguzwa, nikalipa 1,540 kwa noti mbili za elfu, nikatoka kama mshindi.

Je, nilikuwa na haki? Chuoni, kwenye somo la sheria ya biashara, tulisoma kesi ya Uingereza ya mwaka 1953 kuhusu duka la Boots. Mahakama ilisema bidhaa kwenye rafu ni mwaliko tu. Mapatano hufanyika kaunta. Lakini hapa Kenya sheria ya mwaka 2012 ya kuwalinda wateja inakataza kumpotosha mnunuzi. Na Yesu katika Mathayo 5:37 anatutaka neno letu liwe moja. Bei iliyoandikwa ni neno. Kwa hivyo naam, dai langu lilikuwa la haki.

Shida ilianza nyumbani. Chenji yangu ilipaswa kuwa 460. Nilipohesabu nikapata 960. Kwa ile fujo niliyoianzisha, dada alinipa noti ya 500 zaidi.

Wapendwa, sikusema "huu ni wizi." Nilisema, "Mungu ni mwema."

Nimesomea biashara, najua jioni tili hufungwa na pesa huhesabiwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mfanyakazi aliyekabidhiwa pesa akatwe mshahara zikipungua kwa uzembe wake. Nilijua yote hayo. Bado nikasema, "Nitaenda kesho." Kesho ikafika, nikasimama madhabahuni nikaombea sadaka, na ile noti iko mfukoni. Mathayo 5:23-24 inasema nini? Uache sadaka, uende kwanza. Mimi sikuenda kwanza.

Musa anaongea juu ya mfanyabiashara mwenye mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo, ndani ya mfuko mmoja. Akinunua anatoa lile kubwa, akiuza anatoa lile dogo. Sisi huwalaumu madalali wa maembe kwa jambo hilo kila msimu. Lakini mimi pia nilikuwa na mawe yangu. Kosa la 130 lililoniumiza nililipima kwa jiwe la wizi. Kosa la 500 lililonifaidi nikalipima kwa jiwe la baraka.

Mtu atasema, "Pasta, duka ni kubwa, 500 si kitu kwao, na wao hutuibia." Sawa. Lakini uliza ni nani aliyelipa. Bei aliikosea mwenye kubadilisha bei. Hasira yangu ikamwangukia keshia, na hasara pia ikamwangukia keshia. Hasira ya haki inapanda kwa mwenye uwezo wa kurekebisha. Ikimshukia aliye mdogo kwa sababu tu ndiye aliye karibu, hata kama dai ni la kweli, hiyo si haki tena.

Baada ya ibada nilirudi. Yule dada alikuwa kaunta. Nikampa 500 na kuomba msamaha mbele ya foleni, maana nilimkosea mbele ya foleni. Akasema, "Asante Pasta. Jana nililipa nikabaki bila nauli, nikaenda kwa miguu."

Pesa nilirudisha. Ile safari ya usiku sikuweza kuirudisha.

Kwa hivyo, ndugu mwenye duka, badilisha kwanza bei ya rafu, ndipo ubadilishe ya mashine. Mpendwa mnunuzi, bei ikikosewa, muulize meneja kwa upole, na umwachie keshia heshima yake. Na chenji uihesabu pale pale kaunta. Ikipungua utasema, najua. Ikizidi, sema vilevile, na kwa sauti ile ile.